Adapta ya Lusungu

Jumapili, 2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baada ya ibada Mchungaji ametupa kompyuta ya zamani ya ofisi ya kanisa, kwa kuwa wao wamepata mpya. Ni nyeusi, nzito, na ina kamera ndogo ya kubana juu ya kioo waliyokuwa wakiitumia wakati wa korona. Baba Lusungu akauliza, "Dude hili tutaliweka wapi?" Wakati anauliza, Lusungu alishalibeba, yuko mlangoni.

Lusungu ni mtoto wetu wa kwanza, ana miaka ishirini. Akiwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Alisoma shule ya bweni ya viziwi, mbali na hapa Ndandalo, akamaliza mwaka juzi. Sasa mwalimu wake, Beatrice, ametuletea ujumbe kwamba kuna chuo kinachosomesha walimu wa watoto viziwi, na wamekubali kumhoji Lusungu tarehe 14 Mei saa nne asubuhi. Watamhoji kwa video, kwa lugha ya alama. Mikono yake na uso wake lazima vionekane vizuri.

Simu yangu ilianguka kwenye maji ya jaruba la mpunga mwezi wa kwanza. Intaneti inayo, lakini kamera ya mbele inaonyesha ukungu mtupu, ukitumia ya nyuma humwoni unayeongea naye, na tundu la waya limebaki la kuchajia tu. Kompyuta ina kamera nzuri lakini haina intaneti, wala haina uwezo wa kushika waifai ya simu mpaka ichomekwe kidude kinachoitwa adapta. Haya yote Lusungu ameniandikia kwenye karatasi, ukurasa mzima, kwa sababu alama ninazozijua mimi ni za kula, kulala, njoo na mvua. Nimeona nianze daftari nisije nikasahau.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Tumepalilia.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji Zebedayo amekuja kutoka Itungi, kule ziwani, na ndoo ya usipa, wale samaki wadogo. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, na akikaa kwenye kiti hakuna mwingine anayesema. Aliikuta kompyuta mezani akacheka.

"Hii ya nini?"

Nikamweleza. Akamgeukia mdogo wake. "Lameck, chuo gani kitamchukua mtu asiyesikia? Mvua zikiisha mlete kwangu. Shemeji yako anahitaji mtu wa kuanika usipa. Atakula, atalala, hakuna atakayemcheka."

Lameck alikuwa anakwangua tope kwenye buti lake kwa kijiti. Lusungu alikuwepo hapo hapo, anatutazama midomo mmoja mmoja. Shemeji alipoondoka alinishika mkono na kuandika, Baba mkubwa amesema nini? Nikaandika, Amekusalimu.

Sijafurahi na nilichokiandika. Wala na mume wangu.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima ya mvua. Kakao tuliyoianika imeanza ukungu, tumeirudisha ndani mara tatu leo peke yake.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda Kyela mjini na Lusungu kutafuta adapta. Duka ni la fundi mmoja anaitwa Tuntufye, mwanamume wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Alinitolea kiboksi kidogo. Ndani kuna kidude kama ukucha wa kidole gumba na sidii moja.

"Kompyuta yenu ni Windows ya ngapi?" aliuliza.

"Hajui," nikasema.

Lusungu alikuwa ameshaifungua karatasi yake. Kila kitu kiko hapo: Windows 7, kumbukumbu gigabaiti mbili, matundu ya USB manne, mawili hayafanyi kazi. Tuntufye alisoma, akaniambia mimi, "Mwambie binti hii sidii itamaliza kazi." Nikaona aibu kidogo, sikujua kwa nini. Sasa hivi nikiandika najua. Niliulizwa swali lake, nikalijibu bila kumwangalia.

Jumatano, 19 Machi

Mlango wa sidii wa kompyuta haufunguki. Lusungu ameuchokonoa kwa pini mpaka ukatoka. Sidii ikazunguka, ikalia kama jino linasagwa, ikanyamaza. Adapta imechomekwa lakini haiwaki taa.

Ijumaa, 21 Machi

Hola, taa haijawaka.

Jumatatu, 24 Machi

Hola. Mvua ya mawe jioni, migomba mitatu imelala.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempigia Tuntufye. Anasema sidii ikikataa itafutwe draiva, yaani ile programu ya kuitambulisha adapta kwa kompyuta. Ataipakua mtandaoni aiweke kwenye flashi. Nikamwomba mjumbe wa kanisa anayekwenda mjini kesho aichukue.

Jumamosi, 29 Machi

Flashi imefika. Lusungu ameiingiza. Kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba programu hii si ya aina yake. Amekaa, mikono mapajani. Nikamletea uji. Hakuunywa.

Baba Lusungu alisimama mlangoni akatazama, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nilimfuata mpaka zizini.

"Huwezi hata kumshika bega?"

"Nitamwambia nini, mama Lusungu? Mimi sijui kuongea naye."

"Hata mimi sijui."

"Basi," akasema, na kuendelea kukata majani.

Nimekuwa mke wake miaka ishirini na mbili. Nilidhani kimya chake mbele ya kaka yake kilikuwa cha kukubali.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Ndege wameanza kushuka kwenye mpunga, tunawaamia kwa zamu.

Jumanne, 8 Aprili

Flashi ya pili. Imekataa.

Ijumaa, 11 Aprili

Shemeji Zebedayo amepiga simu. Anauliza aje na mtumbwi au bodaboda kumchukua mtoto mvua zikitulia. Nilimsikia Lameck akisema, "Bado, kaka." Ni hayo tu. Lakini alisema.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Tumeimba vizuri. Lusungu alisimama karibu na ngoma, amegusa ubao wa ukuta kwa viganja ili aisikie. Sikuwahi kugundua kwamba kila Jumapili husimama palepale.

Jumanne, 22 Aprili

Leo lazima niandike kirefu.

Lusungu aliniamsha mapema, akanivuta mpaka mbele ya kioo. Alikuwa amefungua ukurasa wenye orodha ndefu ya vifaa vya ndani ya kompyuta. Kimoja kina alama ya njano ya mshangao. Akakibonyeza, akabonyeza tena, ikatokea mistari ya herufi na tarakimu. Akaandika kwenye karatasi: Hii ndiyo namba ya adapta yenyewe. Kiboksi kinasema aina nyingine. Wamebandika jina tu. Na kompyuta yetu ni ya biti 32, fundi anatuma za biti 64. Mpelekee namba hii.

Nikataka kumpigia Tuntufye nimsomee. Nilifika herufi ya nne nikakwama. Lusungu akachukua simu mkononi mwangu, akapiga picha ya kioo kwa kamera ya nyuma, akamtumia fundi na maelezo yake mwenyewe. Muda si mrefu Tuntufye akajibu. Akajibiwa. Akauliza tena. Nilikuwa nimekaa pembeni nachambua maharage, nawaangalia watu wawili wakizungumza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepitia kwangu.

Ujumbe wa mwisho wa fundi Lusungu alinionyesha: "Dada Lusungu, nisamehe. Nilisoma boksi sikusoma kifaa. Nakuja mwenyewe Jumamosi."

Jumamosi, 26 Aprili

Tuntufye amefika amelowa mpaka kiunoni, flashi ameifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kofia. Barabara ni tope tupu, pikipiki ameiacha dukani kwa mama Jubilate akatembea.

"Mwaghonile," alisalimia, kisha akaenda moja kwa moja kwa Lusungu, akampa mkono na daftari dogo alilonunua njiani la kuandikiana.

Wakakaa wawili. Yeye akaandika, Lusungu akabonyeza. Mara ya kwanza ikakataa, ikisema draiva haina saini inayotambulika. Tuntufye akakuna kichwa. Lusungu akaandika, Jaribu ya zamani zaidi, ya miaka ya kompyuta yenyewe. Fundi alikuwa nayo kwenye flashi. Akaiweka. Akaihamisha adapta kwenye tundu la nyuma. Akarekebisha na saa ya kompyuta, iliyokuwa inasema mambo ya ajabu.

Adapta ikawaka taa ya bluu, ikazimika, ikawaka tena, ikakaa.

Lusungu aliipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Chini ya kioo kulikuwa na jina la simu yangu, Atuganile, jina langu mwenyewe, kama nilivyoliandika siku nilipoinunua.

Nilimpa Tuntufye wali na kuku. Akasema ndaga fijo, asante sana, akala, akaniambia, "Mama, nina watu nimewafundisha kazi hii mwaka mzima hawajui kuitafuta namba ile." Safari hii nilimgeukia Lusungu nikamwandikia alichosema fundi, neno kwa neno.

Jumapili, 27 Aprili

Mwalimu Beatrice alisema wajaribu video kabla ya siku yenyewe. Akamtafuta Janeth, aliyekuwa akilala kitanda kimoja na Lusungu bwenini. Mchana tukawasha.

Janeth akatokea kwenye kioo, amevaa kilemba chekundu. Akainua mikono. Na Lusungu akaanza kuongea.

Sina neno jingine. Mikono ilikwenda kasi hata sikuweza kuifuata, nyusi zikapanda, mashavu yakajaa hewa, akamwigiza mtu mnene anatembea, akamwigiza baba yake anakwangua buti, akaniigiza mimi! Nilijijua kwa namna nilivyoshika kiuno. Janeth akacheka mpaka akatoka kwenye picha. Lusungu naye akacheka kwa sauti, ile sauti yake nzito ambayo nimezoea kumwekea kidole mdomoni aishushe watu wakiwepo.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba binti yangu ni mpole, mtu wa kimya. Si mtu wa kimya. Hakuwa na wa kuongea naye humu ndani.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kakao. Lameck alikuja akasimama na mimi. Alikuwa ameona kupitia dirishani.

"Alinifanya mimi na buti," akasema.

"Ndiyo."

"Ni mimi kabisa."

Akafuta uso kwa mkono wa shati. Mvua ilikuwa inanyesha, tukasema ni mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwandikia Lusungu: Nifundishe. Akasoma, akanitazama kama vile nimekosea tahajia. Kisha akanishika vidole, akaanza na "mama".

Ijumaa, 2 Mei

Nimejua alama arobaini. Lameck kumi na moja, lakini zake ni za ng'ombe na mvua.

Nimemwambia Lusungu pia kile alichosema baba yake mkubwa siku ile ya usipa. Nusu kwa alama, nusu kwa kalamu. Akajibu: Nilijua. Nilisoma midomo yake. Nilitaka uniambie wewe.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua haijakatika siku tatu. Maji yamefika kwenye mgomba wa mwisho.

Jumapili, 11 Mei

Mto umevunja kingo. Majaruba yetu yote ni ziwa, mpunga unaonekana vichwa tu. Nguzo ya umeme imelala. Wanasema marekebisho yatachukua wiki nzima. Mahojiano ni Jumatano.

Lusungu ameifunika kompyuta kwa khanga yangu, amekaa mbele yake.

Jumatatu, 12 Mei

Jana sikuona kilichofuata, nimeambiwa leo. Lameck alipanda kwenye kichuguu ambako mtandao bado unashika, akampigia kaka yake. Shemeji ana kibanda cha kuonyeshea mpira pale Itungi, na kina jenereta. Sijui aliongea naye vipi. Ninachojua ni alivyonisimulia yeye: "Nilimwambia, kaka, sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Na habari ya usipa tusiizungumze tena."

Mume wangu huyu, ambaye husema "basi" na kukata majani.

Jumanne, 13 Mei

Zebedayo amekuja na mtumbwi mpaka mlangoni kwetu. Tulifunga kompyuta kwenye turubai la kuanikia kakao, kioo nikakipakata kama mtoto mchanga. Adapta Lusungu aliifunga kwenye leso akaivaa shingoni. Shemeji alipiga kasia katikati ya majaruba, Lameck alitembea mbele kwenye maji ya kifua akipima njia kwa fimbo, mpaka tulipofika barabara kuu. Hapo tukapakia kwenye guta, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu. Jioni tuko Itungi. Tunalala kwa mke wa Zebedayo, nyumba inanuka samaki na ni kavu.

Jumatano, 14 Mei

Saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye kibanda. Mabenchi matupu, ukutani picha za wachezaji. Shemeji akavuta kamba ya jenereta, ikawaka. Kompyuta ikawaka. Adapta ikatoa taa yake ya bluu. Nikashukuru mapema mno.

Chini ya kioo inasema imeunganishwa, lakini ukurasa wa mahojiano haufunguki. Unatokea ukurasa mweupe wenye maandishi mekundu kwamba mahali hapa si salama. Lusungu akafungua upya. Hivyo hivyo. Akachomoa adapta, akaichomeka. Hivyo hivyo. Tatu na nusu. Nikampigia Tuntufye, hapatikani. Tatu na dakika arobaini. Lusungu akakosea neno la siri mara mbili. Zebedayo alikuwa amesimama nyuma na galoni la petroli. Lameck alikuwa amekaa benchi la mbele kama mtu anayesubiri mechi, macho amefumba, anaomba.

Mimi sijui kompyuta. Lakini kila nikikaa na daftari hili kitu cha kwanza ninachoandika ni tarehe, na macho yangu yakaenda kuitafuta. Ipo pembeni, chini, kwa herufi ndogo: 1 Januari 2009.

Nikamgusa Lusungu bega. Sikutafuta karatasi. Nikafanya kwa mikono: leo, siku gani? Nikaonyesha kwa kidole.

Akaangalia. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanibusu paji la uso, akageuka. Ilipokosa umeme kule nyumbani kompyuta ilisahau saa yake, na mtandao haumkaribishi mtu anayetoka mwaka 2009. Akabadilisha tarehe. Akabadilisha saa. Akafungua upya.

Watu watatu wakatokea kwenye kioo, wamekaa nyuma ya meza. Saa nne kasoro dakika mbili.

Walizungumza dakika thelathini na tano. Nilifahamu kidogo. Nilifahamu "watoto", "mvua", "subira", na wakati mmoja aliposema "mama" na kuninyooshea kidole mimi, wote watatu wakapunga mkono, nikapunga. Mikono yake haikusita hata mara moja. Zebedayo alisogea taratibu mpaka akawa mbele, galoni bado mkononi.

"Kumbe anaongea hivi," akaninong'oneza. "Wanamwuliza nini?"

"Sijui yote, shemeji. Mwulize yeye tukimaliza. Anasoma vizuri kuliko wewe."

Nilishangaa nimesema hivyo. Naye akatikisa kichwa, akakubali.

Alhamisi, 22 Mei

Maji yanashuka. Mpunga wa chini umeoza, wa juu umepona. Umeme umerudi.

Jumanne, 27 Mei

Jua kutwa. Tumeanika kakao.

Jumanne, 3 Juni

Lusungu amechaguliwa. Chuo kinafunguliwa Julai. Ujumbe umeingia kwenye kompyuta tukiwa tunavuna, tumeukuta jioni. Lameck ameusoma kwa sauti, kisha akausoma tena kwa mikono, vibaya, amechanganya "chuo" na "ng'ombe". Lusungu alianguka chini kwa kicheko.

Zebedayo amesikia. Ametuma ujumbe, si kwangu wala si kwa mdogo wake. Ameutuma kwa Lusungu, kwenye kompyuta. Sikuomba kuusoma.

Jumapili, 15 Juni

Upepo wa baridi, mbingu safi. Jioni Lusungu aliongea na Janeth na wenzake wengine wanne, kioo kimegawanyika vipande. Akaniita nikae. Waliniuliza maswali polepole, nikajibu polepole: tumevuna magunia mangapi, nani anapika, kama nitalia siku akiondoka. Nikasema ndiyo, nitalia.

Baadaye wakaanza kubishana. Mmoja akafanya hivi, mwingine akakataa, Janeth akafanya vile, wote wakashangilia. Nikamwuliza Lusungu kuna nini. Akanieleza kwamba kila mtu wao ana jina la alama, na jina hilo hujipi, unapewa na viziwi wenyewe. Walikuwa wananitafutia langu.

Ni vidole viwili vinavyokaza fundo la kilemba nyuma ya kisogo. Wanasema mimi hufanya hivyo kila ninapotafuta neno.

Janeth akaliita jina langu kutoka kwenye kioo. Nikaitika.